Sahani Iliyorudi Safi

Wanangu wa darasa la upishi pale Manyatta, mwalimu wenu alinipigia simu akaniomba niwaandikie juu ya chakula cha fasti klasi kwenye ndege. Alisema niwaeleze ubora wake na niwatie moyo, maana kati yenu wako wanaotamani kuvaa ile kofia nyeupe na kupikia wakubwa. Nikamwambia sawa. Lakini kila nikishika kalamu nianze na mwanakondoo na sosi yake, namwona mzee mmoja wa Karurumo akitafuna nyama yangu, anatafuna tu, anaangalia kando ili nisimwone anavyohangaika. Basi nitawaambia yote mawili, huo ubora na hiyo aibu, kwa sababu kwangu mimi vimeshikana na sijui kuvitenganisha.

Naitwa Karimi. Kwetu ni Githongo, na baada ya kustaafu nimerudi huko huko, nikajenga nyumba kwenye kipande alichonikatia kaka yangu Mwiti, chini kidogo ya kahawa yake. Watoto wake wananiita Tata, yaani shangazi. Sokoni wananiita Fasti. Mkija kwetu mkasikia mama wa nyanya akiniita Fasti, msidhani ni sifa. Hilo jina nililipata Desemba iliyopita na kila nikiitwa hivyo masikio yangu yanapata moto.

Kazi yangu ilikuwa Nairobi, katika jiko moja kubwa karibu na uwanja wa ndege. Ukisikia jiko usifikirie jiko la mama yako. Fikiria ghala. Kuna baridi, watu wamevaa buti na glavu na neti za nywele, na harufu ya chakula huisikii sana kwa sababu ya dawa ya kusafishia. Sehemu ya fasti klasi ilikuwa na meza yake peke yake, na ukutani juu ya meza kulikuwa na picha za kila sahani. Karoti tatu, zote zinaangalia kushoto. Nyama vipande vitano vimelaliana. Jani moja la kijani juu. Mizani iko pale, na gramu zikizidi unapunguza, zikipungua unaongeza. Hata kama umechoka kiasi gani, karoti haziwezi kuangalia kulia.

Aliyenifundisha ni Shefu Wafula, mtu wa Bungoma, tumbo kubwa na miguu myembamba, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Wiki zangu za kwanza alinipa kazi ya sosi. Niliionja nikaona chumvi imezidi kabisa, nikajisemea hawa watu wataua mtu, nikapunguza bila kumwambia mtu. Kesho yake akanishika mkono kama mtoto wa nasari akanipeleka nyuma, mahali matoroli yanarudi kutoka kwenye ndege kuoshwa. Akafungua moja. Sahani zilikuwa zimejaa. Watu walikuwa wamekata mara moja, wakaonja, wakaweka uma chini.

Wafula akanieleza kwamba mtu akiwa kule juu, hewa ni kavu, masikio yamejaa mvumo, na pua yake imelala. Ulimi bila pua haujui kitu. Kwa hivyo unampikia mtu aliyelala: chumvi zaidi, limau zaidi, viungo zaidi, na sosi ya kutosha ili nyama isikauke. Ukiionja chini na ukaifurahia, ujue juu haina ladha. Halafu akapiga toroli lile kofi dogo na kusema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Wateja wako ni hizi sahani. Hao wenyewe hutawaona."

Ni kweli sikuwaona. Nilizoea kupitia pale nyuma kila nikitoka kazini, nikisoma sahani. Nyama imeachwa na sosi imelambwa, basi nyama ilikuwa ngumu. Wamekula viazi vyote na kugusa samaki kidogo, samaki alikuwa na harufu. Jani la juu limesukumwa pembeni kila mahali, na bado picha ilisema tuweke jani. Nilikuwa fundi wa kusoma sahani, hilo nalisema bila kujisifu. Lakini mtu mwenyewe, akiwa na chakula changu mdomoni, sikuwahi kumwona hata mmoja.

Sasa mtaniuliza, Tata, hicho chakula ni kizuri kweli? Swali hilo nimeulizwa Githongo yote. Nitawajibu ninyi vile sikuwajibu wao. Kimetengenezwa vizuri. Ni safi kuliko chochote mtakachokula hotelini, kila sahani ni sawa na mwenzake, na hata rubani na msaidizi wake hawapewi chakula kimoja, ili kimoja kikiwa kibaya wasiugue wote wawili. Lakini ile nyama inachomwa juu juu tu, ndani inaachwa mbichi kiasi, inapozwa haraka kwenye friji kubwa, inalala, inapanda ndege, halafu wahudumu wanaimalizia kwenye oveni ndogo huko angani. Mtu aliyelipa kiti cha mbele anakula kiporo chenye sura nzuri. Kikombe ni cha kauri, kitambaa kimepigwa pasi, na anayemletea anamwita kwa jina. Hiyo ndiyo inayoonekana tamu.

Na kuna jambo lingine limebadilika, ambalo ndilo liliniponza. Nilipoanza, Wafula alikuwa na meza ya nyama na msumeno, na kondoo aliletwa mzima. Nilijua paja, nilijua bega, nilijua mbavu. Baadaye Wafula alistaafu, meza ikaondolewa, nyama ikaanza kuja kwenye plastiki imeshakatwa, haina mfupa, haina mafuta, kila kipande kimelingana na mwenzake. Sosi nayo ikaja kwenye ndoo. Kazi yetu ikawa kufungua, kuchoma, kupoza, kupanga kwa picha. Nilikaa miaka mingi bila kushika mfupa. Mtu akikuambia ufundi hauozi akilini usimwamini.

Kila Krismasi nilipokuja nyumbani, Mwiti alikuwa ananikalisha mbele ya wageni niwasimulie. Nami nilikuwa nasimulia. Sikusema kiporo, sikusema ndoo. Nilisema mwanakondoo, nilisema uyoga kutoka ng'ambo, nikasema mambo ya mawaziri na mabalozi ambao sijui hata kama walipenda au walitupa. Mwiti alikuwa anasikiliza akiinamisha kichwa, kesho yake anayapeleka kwenye kiwanda cha kahawa na kuyaongezea. Huyo kaka yangu hakusoma sana, aliacha shule ili mimi niendelee, na nadhani kwake ile ndege ilikuwa ni yetu sote wawili. Mimi nilimwacha aamini. Nilipenda vile alivyokuwa akinitazama.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwiti ana binti anaitwa Kendi, amekulia mikononi mwangu kila likizo. Kendi anafanya kazi Embu mjini, na huko akapatana na kijana anaitwa Nyaga, wa Karurumo. Desemba wazee wa Nyaga wakasema watakuja Githongo kuketi na sisi juu ya mahari. Kwetu siku hiyo si ya mchezo. Wale watu wanakuja kutazama binti anatoka nyumba ya namna gani, na wasiporidhika wanaweza kurudi kwao kwa heshima zote na msiwasikie tena. Kendi aliniambia jikoni, akikoroga chai ambayo hakuinywa, kwamba mama yake Nyaga alikuwa bado anauliza kwa nini kijana asitafute msichana wa karibu. Alikuwa na hofu, na mimi nilimshika bega nikamwambia Tata yako yuko.

Mwiti akaja jioni hiyo, amenyoa, amejawa na furaha, akaniambia siku hiyo jiko lote ni langu, niwapikie wakwe vile nilivyokuwa nawapikia wale wa mbele kwenye ndege. Nilipaswa kukataa. Ninyi hamjui, kwetu mbuzi wa siku kama hiyo si wa jikoni. Ni wa wanaume. Wanamchinja nyuma ya nyumba, wanamchoma pale pale, na wanamkata kwa viungo kwa sababu kila kiungo kina mwenyewe. Kuna cha wazee, kuna cha akina mama, figo ni za wasichana. Kwa hawa wakwe zetu wa Embu, bega ndilo mambo yote. Kijana anapewa kisu, analikata mbele ya watu, anampa msichana, msichana anakula, na hapo ndipo watu wanapumua. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Nilikuwa nimeyasahau kwa namna ile mtu anasahau jambo akiwa na kiburi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa yunifomu yangu nyeupe, na kofia. Ndiyo, ile ndefu. Jirani yetu mzee M'Mutea, ambaye anachinja kwenye sherehe zote za kwetu, akamaliza kuchinja mbuzi wawili na kuanza kutengeneza mutura, ile soseji yetu ya damu na nyama, kwa matumbo. Nikamwambia matumbo yatupwe, ni uchafu. Akaniangalia. Halafu nikachukua kisu chake mwenyewe nikaanza kutoa mifupa yote, nyama nikaipanga kando, mifupa nikaitia kwenye sufuria kubwa ichemke iwe sosi. Akauliza kwa upole kama bega moja litaachwa. Nikamjibu, kwa ile sauti ya mtu aliyekaa Nairobi sana, kwamba fasti klasi haina bega, kila mgeni atapata sawa na mwenzake. M'Mutea alifuta mikono kwa majani ya mgomba akaondoka.

Nilipika kama nilivyozoea. Nikachoma nyama juu juu, nikaipoza kwenye beseni za maji baridi kwa kuwa friji haingetosha, nikaitayarisha niipashe moto wageni wakifika. Oveni hakuna, kwa hivyo nikaweka sufuria juu ya makaa na makaa mengine juu ya kifuniko, nikapiga hesabu ya dakika kama ya oveni ya ndege. Mbuzi wa Githongo lakini si mwanakondoo wa plastiki. Huyu alikuwa amepanda na kushuka milima maisha yake yote. Chumvi nayo mkono wangu ukaitia wenyewe. Nilionja, nikaona iko sawa kabisa. Ulimi wangu ulikuwa umeharibika kitambo na hakuna aliyeniambia.

Mwiti ana presha. Kliniki walimkataza chumvi, mkewe anamchungia hata ya mboga. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshaipakua sahani yake, ile ya bati yenye ukingo wa kijani aliyotuachia mama yetu, maana wageni walikuwa wengi na sahani za maua tulizoazima kwa akina mama wa kanisa hazikutosha. Nilisema nitampakulia nyingine. Halafu nikaitwa, nikasahau.

Wakwe walifika wakiimba, wakafunguliwa lango, wakaketi kwenye hema. Baba yake Nyaga ni mzee Njeru, mtu mrefu, mkimya, koti lake limefungwa mpaka juu. Nikatoa sahani zangu. Mngeziona, wanangu, zilikuwa kama picha. Karoti tatu zinaangalia kushoto. Mukimo, ule mponde wetu wa viazi na mahindi, nimeufinyanga kwa kikombe cha chai ukawa kilima kidogo. Vipande vitano vya nyama vimelaliana, sosi mstari mmoja, jani la dhania juu. Kila sahani sawa na mwenzake.

Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawaona watu wakila chakula nilichopika kwa mtindo wa kazi yangu. Kwanza hawakula. Walidhani ni cha kuonja, wakashika sahani magotini wakisubiri chakula chenyewe kije. Mwiti akawaambia karibuni, karibuni, hiki ndicho kinacholiwa kule juu. Wakaanza. Nikaona taya zikifanya kazi. Nikaona mama mmoja ameacha kutafuna, ametulia na shavu limejaa, anafikiria atafanyaje. Nikaona maji yakiombwa upande huu na upande ule. Mzee Njeru alikuwa akitafuna taratibu, macho yake kwenye milima. Nilikuwa nimesoma sahani miaka yote hiyo nikidhani nasoma watu.

Hapo ndipo mkewe Mwiti, Mama Kendi, alipoingia jikoni mbio, uso umepauka. Akaniambia wakwe wanaomba bega liletwe, Nyaga amekwisha simama na kisu.

Bado ningeweza kusema hakuna. Badala yake nilifanya ufundi. Nikatumbukiza koleo kwenye sufuria nikatoa mfupa wa bega, umechemka tangu alfajiri, mweupe, hauna hata uzi wa nyama. Nikauzungushia vipande vya nyama, nikavifunga kwa uzi wa cherehani, nikapaka sosi mpaka uking'aa, nikaweka kwenye sinia na majani kuzunguka. Kwa mbali lilikuwa bega zuri kuliko bega. Mama Kendi akalichukua sinia kwa mikono miwili akatoka.

Nyaga akakata. Uzi ukakatika, nyama ikafunguka kama kitabu, na mfupa ukabingirika kwenye sinia, ukaanguka chini, ukasimama kando ya kiatu cha mzee Njeru. Kendi alikuwa amekaa mbele ya Nyaga, mikono imekingwa tayari kupokea, na akaiacha vile vile imekingwa, haina kitu. Nikimaliza kuandika haya nitakuwa bado naiona hiyo mikono.

Mzee Njeru aliinama, akauokota ule mfupa, akaugeuza, akaupangusa mchanga kwa kidole, akaurudisha kwenye sinia polepole kabisa. Ndipo kaka yangu akasimama. Mwiti si msemaji. Alivua kofia yake.

"Hilo kosa ni langu," akasema. "Dada yangu alifanya nilivyomwambia. Mimi ndiye niliyetaka kujionyesha."

Wanangu, mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nikaona kwamba nikikaa pale kimya litapita, litakuwa la Mwiti. Sitawadanganya, miguu yangu ilitaka kukaa. Lakini nilikuwa na ile kofia ndefu, na kivuli chake kilikuwa kinaonekana kwenye pazia, kila mtu alikuwa ameshageuka. Nikatoka. Hakuna safari ndefu kama kutoka jikoni mpaka kwenye hema la wakwe ukiwa umevaa kama mpishi wa mabalozi na kila mtu ana kipande chako kimemkwama kwenye meno. Nilisema kwamba kaka yangu hakujua kitu, kwamba mimi ndiye niliyetoa mifupa na kufunga uzi. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu.

Mzee Njeru akanigeukia. Nilitegemea wasimame waende. Akaniuliza, na hakuwa ananicheka, alitaka tu kujua, "Hao watu wa ndege, walikuwa wakisema nini wakimaliza kula?"

"Sijui, mzee," nikamjibu. "Sikuwahi kuwaona."

Halafu akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Basi leo kaa hapa utuone."

M'Mutea alikuwa na mbuzi wa tatu. Alikuwa amemfunga nyuma ya stoo ya kahawa tangu asubuhi, tangu lile jibu langu la fasti klasi, na hakumwambia mtu. Wakamchinja, wakawasha moto, na wageni wakangoja. Njaa iliwauma, niliisikia, lakini akina mama wa Karurumo wakaanza wimbo na wetu wakauitikia, na hata mutura ikatengenezwa. Mimi nilikaa kando ya mzee Njeru na kofia yangu mapajani. Moshi ulikuwa unakuja upande wetu, na ile harufu, wacha niseme ukweli, nilikuwa nimeisahau. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa rahisi kama wangenisema.

Bega likaja, likiwa bega, limeungua kidogo pembeni. Nyaga akalikata, Kendi akapokea, akala, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na mama yake Nyaga, yule aliyekuwa na maswali, akainuka akampangusa kwa leso yake mwenyewe. Watu wakapumua. Mambo ya mahari yakaendelea yakaisha vizuri, na Kendi sasa yuko kwa Nyaga, anatarajia mtoto. Kwa hivyo msiniulize kama ndoa iliharibika. Haikuharibika, na sikusaidia.

Wageni walipoondoka nikaenda nyuma, kwenye karai la vyombo. Nilienda kwa mazoea, miguu ilinipeleka yenyewe, kuzisoma sahani. Akina mama walitaka nipumzike nikakataa. Kule kwenye ndege mtu asipopenda anaacha tu, nyama iko pale juu wazi, hana haja na wewe. Hizi sahani zilikuwa tofauti. Nilipochukua ya kwanza nilidhani imeliwa. Mukimo ulikuwa umetandazwa vizuri. Nikausukuma kwa kidole, na chini yake kulikuwa na vile vipande vyangu vyote, vimefichwa. Nikachukua ya pili, vivyo hivyo. Nyingine jani la dhania lilikuwa limewekwa juu ya kipande kilichotafunwa, kukifunika. Wale watu walikuwa na njaa, wamekalishwa na mfupa mtupu, na bado kila mmoja alikuwa amefanya kazi ya kunifichia aibu yangu ili nisiione. Nililia pale, na mikono yangu iko kwenye maji ya sabuni.

Chini kabisa ya karai niliikuta ile ya bati yenye ukingo wa kijani. Niliigeuza huku na huku. Hakukuwa na kipande, hakukuwa na sosi, hata jani halikuwepo. Ilikuwa imepanguswa mpaka bati linang'aa.

Nikasikia mtu kwenye mfereji. Alikuwa Mwiti, tai imelegea, anakunywa maji kwa kikombe, akimaliza anajaza tena. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa chumvi. Nikamwonyesha ile sahani, nikamuuliza kwa nini alikula, na ana presha, na aliiona ilivyokuwa.

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Si nilikuwa nangoja kuionja miaka hiyo yote?" akasema.

Akaninyooshea kikombe, nami nikamjazia maji.